Wati mbili na nusu: Jinsi diski ya kubebeka ilivyoachana na soketi ya ukutani

Kisanduku chenye ukubwa wa pochi, waya mmoja mfupi na taa ndogo inayometameta. Hivyo ndivyo ionekanavyo diski ngumu ya kubebeka, chombo ambacho watu wengi wamekikabidhi picha za harusi, sauti za wazee waliokwisha kufariki, vyeti vya shule na hati za uhamiaji. Anayesafiri kutoka Muscat kwenda Unguja, au kutoka Chicago kwenda Bukavu, huitia mkobani akijua kwamba atakapofika hatahitaji kuitafutia soketi ya ukutani. Atauchomeka waya wake kwenye tundu la USB lililoko ubavuni mwa kompyuta ya mkononi, na diski itaanza kuzunguka.

Jambo hilo leo huonekana la kawaida kama kuwasha taa. Hata hivyo, tundu hilo halikubuniwa kwa ajili ya kuzungusha diski. Waliolibuni walikuwa wakifikiria zaidi vitu kama kibodi na kipanya, na umeme walioutenga ulikuwa mdogo mno. Historia ya diski inayoishi kwa umeme wa kompyuta ni historia ya vitu viwili vilivyoanza vikiwa mbalimbali: diski iliyofunzwa kula kidogo, na tundu lililofunzwa kutoa zaidi. Vilikaribiana mwaka hadi mwaka, lakini kwa takriban miaka kumi pengo fulani lilibaki kati yao, na katika pengo hilo ndimo yalimopotea mafaili ya watu wengi ambao hawakujua hata kwamba pengo hilo lipo.

Kutoka chumbani hadi mapajani

Mwezi Septemba mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza mashine iliyoitwa RAMAC 305. Diski yake ilitengenezwa mjini San Jose, katika jimbo la California, na kundi la wahandisi lililoongozwa na Reynold Johnson. Ndani ya kabati lake mlikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24 kila moja, zilizopangwa juu ya mhimili mmoja. Zote kwa pamoja ziliweza kuhifadhi herufi milioni 5, yaani chini ya megabaiti 4 kwa hesabu ya leo, kiasi kinachotosha picha moja au mbili za simu ya mkononi. Kabati hilo lilikuwa na uzito wa takriban tani moja, na lilihitaji pampu ya hewa ili vichwa vya kusomea vielee juu ya sahani bila kuzigusa. Mashine kama hiyo haikubebwa mkobani. Ilipakiwa kwa winchi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kupunguza. Mwaka 1980 kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Seagate ilitoa diski ya inchi 5 na robo, yenye megabaiti 5, iliyoweza kuingia ndani ya kompyuta ya mezani. Mwaka 1983 kampuni ya Rodime ya Scotland ilileta diski ya inchi 3 na nusu, umbo ambalo lilikuja kutawala diski ngumu za kompyuta za mezani. Na mwaka 1988 kampuni ya Marekani iliyoitwa PrairieTek ikatoa diski ya inchi 2 na nusu, yenye megabaiti 20, iliyokusudiwa kompyuta za kuwekwa mapajani.

Tofauti kati ya umbo la inchi 3 na nusu na lile la inchi 2 na nusu yaweza kuonekana ndogo, lakini kwa upande wa umeme ni kama tofauti ya lori na baiskeli. Diski ya kompyuta ya mezani hutegemea umeme wa aina mbili: volti 5 kwa ajili ya saketi zake na volti 12 kwa ajili ya mota. Wakati wa kuanza kuzunguka, mota hiyo huweza kuvuta zaidi ya wati 20. Diski ya kompyuta ya mkononi, kwa kuwa iliundwa tangu mwanzo iishi kwa betri, hutumia volti 5 tu. Sahani zake ni nyepesi, mota yake ni ndogo, na ikishakuwa katika mwendo hutosheka na wati 2 au zaidi kidogo.

Hakuna aliyekuwa akifikiria USB mwaka 1988, kwani USB haikuwapo. Lakini wahandisi waliokuwa wakiihurumia betri ya kompyuta ya mkononi ndio waliofungua mlango bila kujua. Walitengeneza diski ambayo siku moja ingeweza kulishwa kupitia waya mwembamba.

Uwezo wa kuhifadhi nao uliongezeka bila sahani kuongezeka ukubwa. Mwaka 1988 Albert Fert wa Ufaransa na Peter Grünberg wa Ujerumani, kila mmoja katika maabara yake, waligundua namna ambavyo tabaka nyembamba sana za metali hubadili upitishaji wa umeme zinapoguswa na nguvu ndogo ya sumaku. Mwaka 1997 IBM ilianza kuuza diski zenye vichwa vya kusomea vilivyotumia ugunduzi huo, na mwaka 2007 wanasayansi hao wawili wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Sahani ndogo ikaweza kubeba kilichohitaji sahani nyingi hapo awali, na sahani chache maana yake ni umeme mchache.

Tundu moja kwa kazi zote

Wakati diski zikipungua, mgongo wa kompyuta ulikuwa umejaa matundu yasiyoelewana. Kibodi ilikuwa na tundu lake, kipanya lake, printa lake pana, na modemu lake jingine. Vifaa vingi vya nje vilihitaji pia adapta yake ya umeme, lile bonge zito linalochomekwa ukutani. Diski ya nje ya zama hizo ilikuwa na nyaya mbili kila mara: mmoja wa kupitisha habari na mwingine wa kwenda ukutani.

Mwaka 1994 kampuni saba, ambazo ni Compaq, DEC, IBM, Intel, Microsoft, NEC na Nortel, zilianza kazi ya kutafuta tundu moja la kuchukua nafasi ya hayo yote. Miongoni mwa waliojulikana zaidi katika kazi hiyo ni Ajay Bhatt, mhandisi wa Intel mzaliwa wa India. Toleo la kwanza la kanuni za USB lilichapishwa mwezi Januari mwaka 1996, na lile lililorekebishwa, USB 1.1, likafuata mwaka 1998, mwaka uleule ambao kampuni ya Apple ilitoa kompyuta ya iMac iliyoyaacha matundu ya zamani na kutegemea USB.

Ndani ya waya wa USB wa wakati huo mlikuwa na nyaya nne nyembamba. Mbili zilikuwa za kupitisha habari. Mbili nyingine zilikuwa za umeme wa volti 5. Huo ndio uamuzi uliobadili mambo. Wabunifu walitaka kibodi, kipanya na vifaa vidogo vya aina hiyo visihitaji adapta, basi waliruhusu kompyuta iwagawie wageni wake umeme kidogo.

Ni kidogo kiasi gani? Kanuni ziliweka kipimo kimoja cha miliampia 100, na kifaa kimoja kiliruhusiwa kuchukua vipimo visivyozidi vitano. Jumla yake ni miliampia 500, yaani nusu ampia. Nusu ampia kwa volti 5 ni wati 2 na nusu. Kwa kibodi hiyo ilikuwa karamu. Kwa kipanya ilikuwa zaidi ya karamu. Kwa diski ngumu ilikuwa mlo wa kutosheleza tumbo kwa shida, na pengine usitosheleze kabisa.

Mgeni na hodi yake

Utaratibu wa kuuchukua umeme huo ulifanana na desturi ya mgeni mwenye adabu. Kifaa kinapochomekwa hakiruhusiwi kujichukulia miliampia 500 papo hapo. Huanza na miliampia 100 tu, kiasi cha kukiwezesha kusema. Hupiga hodi, hujitambulisha jina na kazi yake, kisha hutaja kiasi cha umeme kinachohitaji. Kompyuta ikiwa nacho hukubali, na ndipo mgeni anapoketi kula. Ikiwa haina, hukataa, na mgeni hubaki mlangoni.

Kwa utaratibu huo, kifaa cha kugawanya tundu moja kuwa manne kilipata shida ya hesabu. Kama hakina adapta yake, chenyewe hupokea miliampia 500 kutoka kwenye kompyuta, huchukua sehemu yake, na hubakiwa na miliampia 100 za kugawia kila tundu. Ndiyo sababu diski iliyofanya kazi vizuri ubavuni mwa kompyuta iligoma pindi ilipochomekwa kwenye kigawanyaji kisicho na umeme wake. Wengi walidhani diski imeharibika. Diski ilikuwa nzima. Ilikuwa na njaa tu.

Mwanzoni, lakini, kikwazo kikubwa hakikuwa umeme bali mwendo. USB 1.1 ilipitisha megabiti 12 kwa sekunde, ambazo kwa matumizi halisi ni kama megabaiti moja kwa sekunde. Kunakili gigabaiti moja kulichukua zaidi ya robo saa. Mwezi Aprili mwaka 2000 ilichapishwa USB 2.0, iliyoongeza mwendo hadi megabiti 480 kwa sekunde, mara 40 ya ule wa awali. Gigabaiti ile ile sasa iliweza kupita katika muda usiofika dakika moja. Diski ya nje ikawa na maana, na viwanda vikaanza kuchukua diski za kompyuta za mkononi, kuzivika kisanduku cha plastiki au alumini, na kuziuza kama diski za kubebeka.

Mwendo ulipanda mara 40. Umeme haukupanda hata kidogo. USB 2.0 ilibaki na miliampia 500 zile zile.

Sekunde chache za hatari

Hapo ndipo hesabu ilipokataa. Diski ya inchi 2 na nusu iliyokwisha kuwa katika mwendo iliweza kuishi ndani ya wati 2 na nusu, ijapokuwa kwa kubanwa. Lakini diski haianzi ikiwa katika mwendo. Huanza ikiwa imesimama, na kitu kilichosimama hudai nguvu kubwa ili kiondoke, kama mkokoteni uliojaa mizigo: wakati wa kuusukuma mara ya kwanza hutoka jasho, ukishaanza kwenda mtu mmoja huumudu. Kwa sekunde chache za kuanza, diski nyingi za aina hiyo zilivuta karibu ampia moja, yaani wati 5. Hiyo ni mara mbili ya kiasi kilichoruhusiwa.

Mbona basi nyingi zilifanya kazi? Kwa sababu watengenezaji wengi wa kompyuta hawakuweka mlinzi mkali katika kila tundu. Waliweka fyuzi inayojirudisha yenyewe, ambayo ilikatika pale tu umeme ulipozidi kiasi kwa mbali, na mara nyingine fyuzi moja ilihudumia matundu mawili. Diski ikaomba miliampia 500 kwa maneno, na kwa vitendo ikachukua zaidi kwa sekunde chache bila mtu kushtuka. Mfumo mzima uliishi kwa ukarimu ambao haukuandikwa popote.

Ukarimu usioandikwa haudaiwi. Kompyuta moja ilikuwa nao, nyingine haikuwa nao. Tundu la kushoto lilitosha, la kulia halikutosha. Waya mfupi na mnene ulifanikiwa, waya mrefu na mwembamba ulipoteza sehemu ya volti njiani na diski ikashindwa kuinuka. Na betri ya kompyuta ilipokaribia kwisha, au kompyuta ilipokuwa kuukuu, mambo yalizidi kuwa ya kubahatisha.

Msikilizaji aliyewahi kukutwa na hali hiyo anaukumbuka mlio wake: tik, kimya, tik, kimya. Maana yake ni kwamba mota imejaribu kuzunguka, umeme ukashuka, saketi za diski zikajizima, umeme ukarudi, na mota ikajaribu tena. Kwenye skrini hakuna kinachotokea. Mlio huohuo unaweza pia kuwa dalili ya diski iliyokufa kweli, na kwa sababu hiyo baadhi ya watu walizitupa diski zilizokuwa salama, na wengine wakaendelea kuzisumbua diski zilizokuwa zikihitaji kupumzishwa.

Hatari kubwa zaidi ilikuwa ile ya kukatika umeme katikati ya kuandika. Wabunifu wa diski ndogo walikuwa wameiona tangu mapema, na dawa yao ni miongoni mwa mambo ya kuvutia katika ufundi huu. Umeme unapokatika ghafla, sahani bado zinazunguka kwa msukumo wake, na mota inayozungushwa bila umeme hugeuka kuwa jenereta. Diski huuchukua umeme huo mdogo wa mwisho na kuutumia kuvirudisha vichwa vya kusomea mahali pake pa kupumzikia, ili visianguke juu ya sahani na kuzikwaruza. Nguvu ya mwisho ya diski hutumika kuiokoa. Lakini kinachookolewa ni sahani. Faili lililokuwa likiandikwa hubaki nusu, na orodha inayoonyesha mahali yalipo mafaili mengine yote inaweza kuvurugika. Kwa mwenye picha zake, matokeo huwa yaleyale: kisanduku kizima, na ndani yake hakuna kinachosomeka.

Waya wenye vichwa viwili

Viwanda havikungoja kanuni zibadilike. Baadhi ya visanduku vya diski viliuzwa na waya wa ziada wa kuchota umeme kwenye tundu la zamani la kibodi. Vingine viliachiwa kishimo cha adapta ya ukutani, endapo itahitajika. Lakini dawa iliyoenea zaidi ilikuwa waya wenye vichwa viwili: upande mmoja uliingia kwenye diski, na upande wa pili uligawanyika ukaingia katika matundu mawili ya kompyuta, kimoja kwa habari na umeme, kingine kwa umeme peke yake. Miliampia 500 mara mbili ni ampia moja, kiasi hasa kilichohitajika kuinua mota.

Shirika linalosimamia kanuni za USB halikuupenda waya huo, na kanuni zake za ukaguzi ziliukataa. Sababu yake ilikuwa ya msingi. Kichwa cha pili kilikuwa kinachukua umeme bila kupiga hodi, kwa kuwa hakikuwa na nyaya za kuzungumzia. Hata hivyo waya huo uliendelea kuuzwa madukani, kwa sababu ulifanya kazi.

Ulikuwapo pia mpinzani ambaye hakuwa na tatizo hilo. Mfumo wa FireWire, uliopitishwa rasmi kuwa kiwango mwaka 1995 na kupigiwa debe zaidi na Apple, uliruhusu waya wake kubeba hadi volti 30 na ampia moja na nusu. Diski ndogo ilishiba kwa FireWire bila wasiwasi. Kichezeshi cha muziki cha iPod, kilichotangazwa mwezi Oktoba mwaka 2001 kikiwa na diski ngumu ya gigabaiti 5, kilipokea nyimbo na chaji kupitia waya mmoja wa FireWire. Lakini FireWire ilikuwa ghali zaidi, na kompyuta nyingi zisizo za Apple ama hazikuwa nayo, ama zilikuwa na tundu lake dogo la nyaya nne lisilotoa umeme kabisa. USB ilikuwa katika kila kompyuta. Katika ushindani wa viwango, kilichopo kila mahali mara nyingi hukishinda kilicho bora.

Pasipo soketi, pasipo kebo

Kwa Afrika Mashariki jambo hili lilikuwa na uzito wa pekee. Kabla ya mwaka 2009 pwani ya Afrika Mashariki haikuwa imeunganishwa na dunia kwa kebo ya mawasiliano ya chini ya bahari, na intaneti ya nje ilipita kwa setilaiti, kwa bei kubwa na mwendo mdogo. Kebo ya SEACOM ilianza kazi mwezi Julai mwaka 2009, na mwaka huohuo kebo ya TEAMS ikaunganisha Mombasa na Fujairah katika Umoja wa Falme za Kiarabu. Kabla ya hapo, gigabaiti 50 za video ya harusi hazikutumwa kwa intaneti kutoka Dubai kwenda Mombasa. Zilisafiri kama zinavyosafiri barua na nguo, mkononi mwa jamaa anayekwenda.

Jamaa huyo, alipofika, alikutana na suala la soketi. Oman, Falme za Kiarabu, Uingereza, Kenya, Tanzania na Uganda hutumia plagi ya pini tatu bapa. Burundi na sehemu kubwa ya Kongo hutumia pini za mviringo. Marekani hutumia pini mbili bapa, na umeme wake ni wa volti 120, wakati Afrika Mashariki ni wa 230 au 240. Volti 5 za USB, kwa upande wake, ni zilezile Chicago na Goma, London na Lamu. Ni umeme usiojua mipaka.

Na palikuwa na suala la umeme wenyewe. Kenya ilipitia mgao mkali kufuatia ukame wa miaka ya 1999 na 2000. Tanzania iliingia katika mgao mkubwa mwaka 2006, maji yalipopungua katika mabwawa ya kuzalishia umeme, na tena mwaka 2011. Diski inayotegemea ukuta huzimika pamoja na mtaa, hata ikiwa katikati ya kuandika. Diski inayoishi kwa umeme wa kompyuta ya mkononi hubaki hai kwa betri ya kompyuta hiyo, na mwenyewe hupata muda wa kumaliza kunakili na kuichomoa kwa utaratibu. Kile kilichoanza kama njia ya kuondoa msongamano wa adapta mezani kikawa, katika nchi za mgao, kinga ya kumbukumbu.

Tundu lakubali kutoa zaidi

Mwezi Novemba mwaka 2008 ilitangazwa USB 3.0. Wengi waliipokea kwa sababu ya mwendo wake, gigabiti 5 kwa sekunde, na waliitambua kwa rangi ya buluu iliyowekwa ndani ya matundu yake mengi. Badiliko la pili halikupigiwa kelele. Kipimo kimoja cha umeme kiliongezwa kutoka miliampia 100 hadi 150, na vipimo vilivyoruhusiwa vikawa sita badala ya vitano. Jumla ikawa miliampia 900, yaani wati 4 na nusu.

Kwa mara ya kwanza kilichoandikwa kilikaribia kile ambacho diski ilihitaji kweli. Viwanda vya diski navyo viliendelea kuipunguzia mota yake uchu, kwa kuifanya ianze taratibu badala ya kwa kishindo. Waya wenye vichwa viwili ukaanza kutoweka kwenye masanduku ya bidhaa mpya. Haukuzuiwa na amri ya mtu. Ulikosa kazi.

Wakati huo umeme wa USB ulikuwa umekwisha kupata mteja mkubwa kuliko diski, nayo ni simu ya mkononi. Mwaka 2007 zilitolewa kanuni maalum za kuchajia betri, zilizoruhusu hadi ampia moja na nusu. Mwaka 2012 zikaja kanuni za kupitisha umeme mwingi, hadi wati 100, na mwaka 2014 likatolewa tundu jipya la USB-C, lisilojali plagi imeshikwa juu au chini. Mwaka 2021 kiwango cha juu kilipandishwa hadi wati 240. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2022 sheria ya kulifanya tundu hilo kuwa la pamoja kwa simu na vifaa kadhaa kuanzia tarehe 28 Disemba 2024, na kwa kompyuta za mkononi kuanzia tarehe 28 Aprili 2026.

Mambo yamegeuka. Tundu lililokuwa likiigawia diski wati 2 na nusu sasa ndilo linalopokea umeme wa kuiendesha kompyuta yenyewe. Na diski nayo inabadilika. Zile za kisasa zisizo na sahani wala mota hazina cha kuzungusha, hivyo hazina zile sekunde chache za hatari za kuanza. Hata hivyo diski zinazozunguka zingali zinauzwa, kwa kuwa kwa bei ileile hubeba zaidi. Nyingi kati ya zilizonunuliwa miaka ya 2000 zingali kabatini, pamoja na nyaya zake za vichwa viwili, zikiwa na picha ambazo hazipo mahali pengine popote.

Ahadi na mhimili

Mwenye kuitoa diski ya aina hiyo kabatini leo angefaa kuikumbuka historia hii. Ilizaliwa katika zama ambazo ahadi iliyoandikwa ilikuwa nusu ampia, na mahitaji yake yalikuwa zaidi ya hapo. Ikigoma, haifai kuhukumiwa haraka kuwa imekufa. Inastahili kwanza waya wake mfupi wa asili, tundu la kompyuta yenyewe wala si la kigawanyaji, na kompyuta iliyochomekwa kwenye chaji. Ikiinuka, jambo la kwanza ni kunakili kilichomo mahali pengine, kabla ya jambo jingine lolote.

Kiwango cha ufundi, hatimaye, ni ahadi kati ya watu wasiojuana: mtengenezaji wa kompyuta wa nchi moja, wa diski wa nchi nyingine, na wa waya asiyejulikana ni wa wapi. Kwa zaidi ya miaka kumi diski za kubebeka ziliishi kwa ahadi pungufu iliyojazwa na ukarimu. Kwa kawaida ukarimu huo ulitosha. Pale usipotosha, mhimili haukuzunguka, na kilichosikika chumbani kilikuwa ule mlio mdogo: tik, kimya, tik, kimya.